Mlango wa Mbele au Mfuniko wa Juu? Kabla ya Kununua Mashine ya Kufulia, Pima Kimo cha Tenki Lako

Wiki tatu zilizopita mama mdogo alinipigia simu akiwa amesimama dukani, Shinyanga mjini. Anaishi Songwa, kule Kishapu, jirani na Mwadui, na pesa aliyokuwa nayo kwenye pochi ilikuwa ya pamba ya misimu miwili. "Mwanangu, si wewe unasoma mambo ya sayansi? Hapa kuna mashine mbili za kufulia. Moja ina mlango mbele kama dirisha la meli, nyingine inafunguliwa juu kama pipa. Muuzaji anasema ya mbele ndiyo inayobana maji. Nichukue ipi?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Usilipe kwanza. Rudi nyumbani, chukua futi, upime kutoka maji yalipo kwenye tenki lako mpaka chini."

Akadhani namtania. Lakini nilikuwa namaanisha, na kama na wewe unawaza kununua mashine ya kufulia, iwe uko Songwa, Maganzo, Kahama au Geita, nakuomba ufanye hivyo hivyo kabla hujabeba kadi ya benki. Muuzaji hakumdanganya mama mdogo. Mashine ya mlango wa mbele kweli inatumia maji machache. Shida ni kwamba mashine inayobana maji kuliko zote ndiyo hiyo hiyo inayodai maji ya bomba yenye nguvu kuliko zote. Anayehitaji sana kubana maji, yaani yule anayechota kwa ndoo, ndiye anayeweza kuinunua na kubaki nayo kama kabati la kuwekea vitambaa.

Tuanze na jinsi zinavyofua, maana tofauti zote zinatoka hapo.

Kwenye mashine ya mlango wa mbele pipa limelala. Maji yanakaa chini tu, kidogo, na nguo zinayanywa. Ndani ya pipa kuna matuta matatu hivi. Pipa likizunguka, matuta yananyanyua nguo mpaka karibu na juu, halafu zinaanguka pwaa. Kinachotoa uchafu ni huo mwanguko. Ni kazi ile ile ya dobi anayepiga shuka kwenye jiwe, ila hapa nguo zinajipiga zenyewe.

Umewahi kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa ukiwa mtoto? Ukienda haraka, maji hayamwagiki. Ukipunguza kasi, unaloa. Mashine hii inaishi kwenye mpaka huo huo. Tuseme pipa lina nusu kipenyo cha sentimita 25, yaani mita 0.25. Gawanya 9.8 (mvuto wa dunia) kwa 0.25, unapata 39.2. Kipeuo chake cha pili ni kama 6.3, na hizo ni radiani kwa sekunde. Ukizigeuza zinakuwa mizunguko 60 hivi kwa dakika. Juu ya hapo nguo zinang'ang'ania ukuta wa pipa na haziangukii popote. Ndiyo maana wakati wa kufua mashine inazunguka taratibu, chini ya 60, na wewe ukiitazama kupitia kioo unaona kama mota imechoka. Haijachoka. Inatafuta mwanguko mzuri.

Mashine ya kufungulia juu pipa lake limesimama. Hapo nguo haziwezi kuanguka, kwa hiyo lazima ziogelee. Chini kuna sahani yenye mabawa, au katikati kuna mti wenye mapezi, inazunguka huku na huku, maji yanavuta nguo na nguo zinasuguana. Ili ziogelee lazima maji yazifunike. Kwa hiyo tofauti ya maji haitokani na ubahili wa kampuni fulani wala teknolojia ya siri. Inatokana na umbo: pipa lililolala linahitaji dimbwi, pipa lililosimama linahitaji kisima.

Kwa makadirio, mashine ya mbele ya kilo 7 hutumia lita 45 mpaka 60 kwa mzunguko mzima, kufua na kusuuza. Otomatiki ya kufungulia juu ya ukubwa huo inaweza kupita lita 100 kirahisi, na zile za zamani zenye mti katikati zinafika 150. Kwa ndoo za lita 20, ni ndoo tatu dhidi ya tano mpaka saba na nusu. Kwa anayelipia kila ndoo, hiyo si tofauti ndogo.

Hapo ungesema basi, mjadala umeisha, tununue ya mbele. Subiri.

Koki ndogo iliyo nyuma ya mashine

Nyuma ya mashine yoyote ya otomatiki kuna mahali pa kufungia mpira wa maji. Ndani yake kuna koki inayofunguliwa kwa umeme. Lakini umeme wenyewe haufungui njia kubwa ya maji. Unafungua kitundu kidogo tu, kisha msukumo wa maji ndio unaoinua kiwambo cha mpira na kuruhusu maji yapite. Maji yasipokuwa na msukumo, kiwambo hakiinuki vizuri, au kinainuka nusu, maji yanachuruzika. Wakati mwingine hata kufunga kinashindwa kufunga sawasawa, kwa sababu kufunga nako kunategemea msukumo huo huo.

Sasa soma kibandiko cha mashine. Nyingi zimeandikwa kitu kama 0.05–1.0 MPa. Namba ya kwanza ndiyo yako. 0.05 MPa ni kilopaskali 50. Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa karibu kilopaskali 10. Kwa hiyo mashine hiyo inataka uso wa maji kwenye tenki uwe mita 5 juu ya mdomo wa mashine. Zipo zinazokubali 0.03, yaani mita 3. Na angalia vizuri: kipimo kinaanzia uso wa maji, hakianzii mfuniko wa tenki, na kinaishia kwenye mdomo wa mashine ambao wenyewe uko kama mita moja kutoka sakafuni. Unene wa bomba haubadilishi chochote hapa maji yakiwa yametulia. Lita 5,000 kwenye kimo cha mita 2 zinasukuma sawa na ndoo moja kwenye kimo hicho hicho. Tenki kubwa halikusaidii. Tenki la juu ndilo linalokusaidia.

Mama mdogo alipima jioni ile ile. Simtank yake ya lita 1,000 imekaa kwenye jukwaa la matofali la mita 1.5. Likijaa, maji yanapanda kama mita 1.2 zaidi. Jumla mita 2.7, toa mita moja ya mdomo wa mashine, inabaki 1.7. Hiyo ni kilopaskali 17, na ni siku tenki limejaa. Likifika nusu anabaki na 11. Mashine aliyoonyeshwa ilitaka 50.

Mjini Shinyanga na Kahama, ambako maji ya Ziwa Victoria yanakuja kwa bomba kutoka Ihelele kupitia KASHWASA, nyumba iliyounganishwa moja kwa moja inaweza kuwa na msukumo wa kutosha kabisa, siku yakitoka. Tatizo ni siku yasipotoka, unaporudi kwenye tenki. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: siku ya kufua, maji yangu yanatoka wapi *kwa kawaida*?

Wapo watakaokuambia ununue pampu ya kuongeza msukumo. Inawezekana, na inafanya kazi. Ila ongeza bei yake, umeme wake na fundi wake kwenye hesabu. Wengine wanamwaga maji kwa ndoo kupitia kile kidroo cha sabuni. Nimeona jirani akifanya hivyo. Mashine ya mbele inaweka maji ya kufulia, inayatoa, inaomba ya kusuuza, inayatoa, inaomba tena. Yule jirani alisimama pale dakika 90 na kopo mkononi akimhudumia mashine kama mgonjwa. Akaishia kufua kwa beseni.

Ya kufungulia juu nayo ina koki kama hiyo, usije ukadhani imesamehewa. Tofauti ni kwamba unainua mfuniko na kumwaga ndoo tatu ndani kwa dakika moja, kazi inaendelea.

Ya tatu, ambayo muuzaji hakuitaja

Dukani mama mdogo alionyeshwa mbili. Kwenye kona kulikuwa na ya tatu, ya plastiki, ya bei nafuu kuliko zote, imefunikwa boksi: ile nusu-otomatiki yenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Hii haina koki ya umeme. Unajaza kwa mpira au kwa ndoo, unazungusha saa, inafua. Ukimaliza unahamisha nguo mbichi kwa mikono yako kwenda pipa la pili, zinakamuliwa.

Watu wa mjini wanaidharau kwa sababu haimalizi kazi yenyewe. Mimi nadhani kwa nyumba nyingi za kwetu ndiyo mashine yenye akili zaidi, na sababu yangu ni ya hesabu.

Mashine ya otomatiki, ya mbele au ya juu, inamwaga maji ya sabuni kila mzunguko. Haiwezi kujua kwamba bado yanafaa. Lakini wewe unajua, na mama yako alijua kabla yako: unaanza na nyeupe, kisha za rangi, mwisho za shamba, maji yale yale. Tuchukulie mafungu matatu ya nguo. Ya mbele, kwa lita 55 kila fungu, itakula lita 165. Otomatiki ya juu, kwa lita 120, itakula 360. Nusu-otomatiki inajazwa lita 45 mara moja kwa sabuni, unaongeza 15 katikati kufidia yanayoondoka na nguo, halafu unasuuza kila fungu kwa lita 40. Jumla 180. Karibu sawa na ya mbele, bila kudai mita 5 za kimo. Na ukikamua kwanza kabla ya kusuuza, povu linatoka na maji machafu, kusuuza mara moja kunatosha kwa nguo nyingi.

Bei yake unalipa kwa mikono. Unasimama pale. Ndiyo ukweli, na kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kusimama pale kwa sababu wote mnatoka alfajiri, hesabu inabadilika.

Kuhusu kukamua, ngoja nikupe namba moja itakayokushangaza. Kinachokausha ni kasi pamoja na upana wa pipa. Ya mbele ikizunguka 1,200 kwa dakika na nusu kipenyo cha sentimita 25, nguo zinasukumwa nje kwa nguvu mara 400 ya uzito wake. Ya juu ikizunguka 700 kwa pipa la sentimita 22, ni mara 120. Kale kapipa kembamba ka nusu-otomatiki, sentimita 12 tu lakini mizunguko 1,300, kanafika kama mara 225. Kanaipita otomatiki ya juu! Kwa jua la Shinyanga la mwezi wa nane haya yote ni anasa, shuka linakauka kabla hujamaliza chai. Masika ndipo utajua tofauti.

Umeme

Ya mbele karibu zote zina kipasha maji ndani. Za juu tunazouziwa huku nyingi hazina. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 25 mpaka 60 kunahitaji uniti 0.6, na ukijumlisha pipa, nguo na joto linalopotea unakaribia uniti moja kwa mzunguko. Kufua kwenyewe, yaani mota, ni kidogo sana: mota ya wati 400 kwa dakika 15 ni uniti 0.1. Kwa hiyo umeme wa kufulia ni umeme wa kupasha. Ukiizima hiyo ya kupasha, ya mbele na ya juu hazitofautiani sana kwenye LUKU. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mizunguko 12 ya maji moto inaweza kukusogeza hatua nzuri kuelekea kwenye kikomo hicho, na uniti zinazozidi bei yake inaruka. Tenki jeusi lililoshinda juani, kwa upande mwingine, linakupa maji ya vuguvugu bila uniti hata moja.

Umeme ukikatika katikati? Ya mbele ina maji ndani na mlango mbele, hufungui. Unasubiri, au unapiga magoti na kuyatoa kupitia kichujio kidogo kilicho chini. Ya juu unainua mfuniko. Nusu-otomatiki ile saa yake ni ya springi, inaendelea kuhesabu hata umeme ukikatika, kwa hiyo umeme ukirudi unaizungusha tena. Na haina bodi ya kompyuta ya kuungua umeme unaporudi kwa kishindo.

Tope la mbuga, na jambo moja zito la machimbo

Kama umewahi kutembea mbugani Kishapu baada ya mvua unajua viatu vinavyogeuka kuwa matofali. Udongo ule mweusi ni mfinyanzi wenye chembe ndogo kuliko elfu mbili za milimita. Chembe hizo zinajibandika kwenye nyuzi za pamba, na hazizami upesi, zinaelea ndani ya maji. Sasa mashine yenye maji kidogo ikifua suruali ya tope, tope halina pa kwenda: linatoka kwenye suruali linaingia kwenye shati. Nguo za aina hiyo zinahitaji maji mengi, sio machache. Ya mbele itazifua ukizisuuza kwanza kwenye beseni. Usipozisuuza, utatoa nguo zenye rangi ya chai ya maziwa.

Mchanga nao una kisa chake. Vijana wanaochekecha kutafuta almasi maeneo ya Maganzo wanarudi na changarawe mifukoni. Kwenye ya mbele changarawe inaishia kwenye pampu, au inapenya kwenye mpira wa mlango na kuukata taratibu. Mpira ukikatika maji yanamwagika sakafuni. Geuza mifuko. Kila mfuko.

Sabuni pia. Unga tunaofulia kwa mikono umetengenezwa utoe povu jingi kwa sababu sisi tunapenda povu. Kwenye ya mbele povu ni godoro: nguo zinaangukia juu yake na mwanguko unakufa. Tumia unga ulioandikwa ni wa mashine za otomatiki, au kipimo kidogo sana. Kwenye zile za kufungulia juu povu halina madhara hayo.

Jambo zito ni hili, na ni kwa ndugu zetu wa ukanda wa Geita na Kahama kwenye dhahabu, tofauti na huku kwetu kwenye almasi. Mchimbaji mdogo anakamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki inaingia kwenye nguo, kwa vitone visivyoonekana, na inageuka hewa hata kwenye joto la kawaida. Kwenye nyuzi 60 mvuke wake unaongezeka takriban mara 20 kuliko kwenye nyuzi 20. Hewa hiyo haina harufu, na inaumiza ubongo na mishipa ya fahamu, ya mtoto zaidi kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo overoli ya kukamatia au kuchomea dhahabu isiingie kwenye mashine ya nyumbani. Ya mbele, ya juu, yoyote. Hasa ile yenye kupasha maji. Mashine iliyowahi kufua nguo hizo inabaki na zebaki kwenye mipira na pembe zake, kisha zinafuata nepi za mtoto. Nguo za kazi hiyo zibaki kazini, zisikung'utwe ndani ya nyumba, zisilowekwe na za familia. Mashine ya bei kubwa haiwezi kukusaidia kwa hili.

Sakafu

Kwa kifupi tu. Ya mbele ina kilo 60 na ushei, sehemu kubwa ikiwa ni zege lililofungwa ndani ili isirukeruke inapokamua. Zile za mwanzo kabisa za Bendix, Marekani, mwaka 1937, zilifungwa kwa bolti sakafuni. Sakafu yako ikiwa imepasuka au imeinama, utaisikia mashine ikitembea usiku. Nusu-otomatiki watoto wawili wanaibeba mpaka chini ya mwembe na kuirudisha.

Kwa hiyo ningemshauri nani nini? Kama una bomba lenye msukumo siku nyingi za wiki, sakafu nzuri, fundi mwenye spea karibu, na nyumbani hakuna mtu wa kusimamia, chukua ya mbele, na kipasha maji ukiweke kwa shuka za mgonjwa na nepi tu. Kama una bomba linalokatika ovyo lakini maji yenyewe si haba, otomatiki ya juu. Kama ni tenki la chini na ndoo, usione aibu ya mapipa mawili. Na kabla ya yote fanya jaribio hili: fungua koki utakayofungia mashine, kinga ndoo ya lita 10, hesabu. Kipimo changu mwenyewe ni kwamba isipojaa ndani ya dakika 2, achana na otomatiki mpaka upandishe tenki.

Ndoo ya mama mdogo ilijaa kwa dakika 5. Alirudi dukani Jumatatu, akamwambia muuzaji atoe ile iliyofunikwa boksi kwenye kona. Chenji iliyobaki amenunua matofali, jukwaa la tenki linapanda mpaka mita 4. Mpira wa maji machafu ameuelekeza kwenye migomba, ingawa nimemwambia maji ya sabuni ya kwanza asiyamwage kwenye mchicha.